Yule wa Pili: Henry Royce na Gari Lisilopiga Kelele

Ukitaja Rolls-Royce kwenye kijiwe chochote cha chuo, picha inayokuja haraka ni ya mfalme au tajiri wa mafuta, kajiegemeza kiti cha nyuma huku dereva mwenye glovu akienda taratibu. Ni sawa, gari lenyewe limejitafutia jina hilo. Ila katika yale majina mawili yaliyoungwa kwa kistari, la kwanza ni la kijana wa kitajiri aliyekuwa akiuza magari. Aliyeyatengeneza ni yule wa pili, na huyo utoto wake aliuanza na njaa.

Frederick Henry Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, karibu na Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake, James, alikuwa msaga nafaka, na kinu chenyewe kilikuwa cha kukodi. Biashara ikafa, familia ikahamia London kutafuta riziki, na mwaka 1872 baba akafia kwenye nyumba ya kutunzia maskini. Henry alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo ni maisha ya kuunga unga: aliuza magazeti, akapeleka telegramu mlango kwa mlango kwenye mitaa ya wenye nazo. Ukijumlisha shule yote aliyoipata utotoni, inakaribia mwaka mmoja tu.

Aliyemwokoa ni shangazi. Mwaka 1878 mama huyo alikubali kulipa paundi 20 kwa mwaka ili kijana awe mwanagenzi kwenye karakana za reli ya Great Northern pale Peterborough. Bahati nyingine ilikuwa nyumba aliyopanga, maana baba mwenye nyumba alikuwa na kibanda cha ufundi uani, chenye mashine ya kukereza, na jioni Royce alijifunza humo kupiga tupa na kukereza chuma. Baada ya miaka mitatu hela ya shangazi ikaisha. Unagenzi ukakatikia njiani, bila cheti. Wanaojua msoto wa bumu kuchelewa wataelewa, tofauti ni kwamba lake halikuchelewa, lilikata kabisa.

Akaenda Leeds kutafuta kazi, akaipata kwa mtengeneza zana: saa 54 kwa wiki kwa shilingi 11. Kisha akarudi London kwenye kampuni ya umeme, na huko ndiko alikopata kitu kilichomfaa. Umeme ulikuwa mgeni kwa kila mtu, na hata wakubwa wa kampuni walikuwa wanajifunza huku wanafanya. Asiye na cheti hakuachwa mbali sana na mwenye nacho.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu wapo watu chuoni wanaopenda kumtaja Royce kila matokeo yakitoka mabaya: ati hata yule hakusoma. Hapana. Royce hakupelekwa shule, na hilo ni jambo tofauti na kutosoma. Mchana alikuwa kazini, jioni alikuwa darasani, akisoma hesabu na umeme akiwa amechoka na mara nyingi hajala. Baadaye alipokuwa na uwezo alizungukwa na wahandisi na wachoraji waliosoma, akawasikiliza, na akawasumbua vilevile. Mtu huyu angeipata nafasi ya chuo kikuu angeing'ang'ania kwa meno.

Mwaka 1882 kampuni ilimpeleka Liverpool kusimamia taa za mitaani na za majumba ya maonyesho, na haikuchukua muda nayo ikafilisika. Royce akiwa na miaka 21 akaamua kujiajiri. Yeye alikuwa na akiba ya paundi 20, rafiki yake Ernest Claremont alikuwa na 50. Mwaka 1884 wakafungua karakana ndogo Cooke Street, mtaa wa Hulme, Manchester. Walianza na vitu vya hivyo hivyo, vya kupata hela ya kula: kengele za mlangoni, vishikizo vya taa. Baadaye wakaingia kwenye dainamo, na za Royce zikasifika kwa kutorusha cheche. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa katika mji wa viwanda vya pamba, ambako vumbi la nyuzi linaweza kushika moto kwa cheche moja. Zikafuata winchi za umeme za kunyanyulia mizigo. Kufikia miaka ya 1890 Royce alikuwa mtu wa kipato kizuri, ameoa, ana nyumba.

Ila mwili ulikuwa unadai. Siku nyingi alisahau kula. Inasimuliwa kwamba pale karakana alitumwa kijana amfuate na glasi ya maziwa, naye akawa anamkwepa kwa sababu ana kitu mkononi. Mwaka 1902 alianguka kiafya. Daktari akamwamuru apumzike, akasafiri na mkewe mpaka Afrika Kusini. Alirudi na nguvu kidogo, na akanunua gari la Kifaransa la mkono wa pili, aina ya Decauville.

Gari hilo halikuwa baya kwa viwango vya wakati ule, na hilo linasahauliwa mara nyingi. Lilikuwa linatetemeka, linapiga kelele, linagoma kuwaka, kama magari mengine yote. Wenzake waliona ndivyo magari yalivyo. Royce alilifungua lote, akaangalia kipande kimoja kimoja, akaona karibu kila kimoja kingeweza kutengenezwa vizuri zaidi. Akaamua kutengeneza matatu ya kwake, ya silinda mbili na nguvu farasi 10. La kwanza lilitoka Cooke Street tarehe 1 Aprili 1904, akaliendesha mwenyewe mpaka nyumbani kwake Knutsford, maili kama 15, bila kuzimika njiani.

Ukitafuta uvumbuzi ndani ya gari lile utatoka mikono mitupu. Injini ya petroli ilikuwa ya Wajerumani, muundo wa gari ni wa Wafaransa, na kabureta na gia zilikuwepo tayari. Alichofanya Royce ni kukataa kipande kiitwe kizima kabla hajaridhika nacho. Gia zilichongwa mpaka zikatulia, mfumo wa umeme wa kuwashia ulitoka kwa mtu aliyekwishakaa miaka 20 na umeme, na ekzosi ikapewa nafasi ya kutosha kuumeza mlio. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvumbua. Mvumbuzi akipatia mara moja tu anakumbukwa milele, lakini mrekebishaji lazima apatie kwenye kila skrubu.

Mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya Royce alikuwa anafahamiana na Charles Rolls, mtoto wa lodi, kijana wa miaka 26 aliyesomea uhandisi Cambridge na aliyekuwa na duka London la kuuza magari yaliyotoka Ufaransa. Rolls alikuwa anatafuta gari la Kiingereza lisilomwaibisha mbele ya wateja. Wakakutana tarehe 4 Mei 1904 kwenye Hoteli ya Midland, Manchester: mmoja wa Cambridge, mwingine wa telegramu. Rolls alipopanda kile kigari cha silinda mbili alishangaa jinsi kilivyo kimya. Makubaliano yakatiwa saini Desemba ya mwaka huo, kwamba Royce atengeneze na Rolls auze yote. Mwaka 1906 ikasajiliwa kampuni ya Rolls-Royce, na Claude Johnson, bingwa wa matangazo, akashika uendeshaji.

Mwaka huohuo lilitoka gari la 40/50, ambalo baadaye lote liliitwa Silver Ghost. Injini ilikuwa ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 7,036, na hapa ndipo wasomaji wa uhandisi wanapaswa kusogeza viti. Silinda sita zilikuwa na sifa mbaya. Krankishafti, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko, unakuwa mrefu, na kila silinda inapowaka inaunyonga kidogo, kama mtu anayekamua nguo. Kwenye mzunguko fulani wa injini minyongo hiyo inaoana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe, mtetemo unakua, na chuma kinakatika. Injini ya silinda sita aliyoitengeneza Royce mwanzoni ilimwonyesha ugonjwa huu vizuri. Safari hii aliunenepesha mhimili, akaushikiza kwenye beringi saba, akapanga silinda katika mafungu mawili ya tatu tatu ili nusu ya mbele na nusu ya nyuma zisawazishane. Oili ilisukumwa kwa pampu mpaka kwenye beringi, badala ya kuachwa irukeruke yenyewe. Kwenye chesisi, pale wengine walipogonga ribiti, yeye alitaka bolti zilizochongokea zikae kwenye matundu yaliyosawazishwa kwa mkono, kwa sababu ribiti hulegea na kinacholegea hulia.

Mwaka 1907 Johnson alilipaka moja la magari hayo rangi ya fedha na kulipa jina la Silver Ghost, kisha likatumwa kwenye jaribio la maili 15,000, likienda na kurudi kati ya London na Glasgow, usiku na mchana, likipumzika Jumapili. Mapema kabisa koki ya petroli ilijifunga kwa mtikisiko na gari likasimama. Baada ya hapo lilikwenda maili 14,371, zaidi ya kilomita 23,000, bila kusimama kwa hitilafu. Mwishoni wakaguzi walilifungua, na spea walizoona zinahitajika kulirudisha katika upya wake ziligharimu zaidi kidogo ya paundi mbili. Na chesisi yake iliuzwa karibu paundi 1,000! Kampuni iliuza chesisi na injini tu, bodi mteja alienda kuagiza mwenyewe kwa mafundi kama Barker au Hooper. Kwa hiyo saluni mbili za Rolls-Royce za mwaka mmoja zinaweza zisifanane hata kidogo, isipokuwa rejeta.

Silver Ghost iliendelea kutengenezwa karibu miaka 20. Wakati wa vita kuu ya kwanza chesisi yake ilivikwa bamba za chuma na kufungwa bunduki, na mwaka 1916 machache yalifika mpaka huku kwetu, upande wa Taveta, Waingereza walipokuwa wanapigana na Wajerumani.

Mwenyewe hakuwa na raha nyingi ya kuyafurahia hayo. Rolls alishavutiwa na ndege, na Julai 1910 alianguka nayo Bournemouth akafa, akiwa na miaka 32. Mwaka uliofuata Royce aliugua vibaya, akafanyiwa upasuaji mkubwa, na madaktari hawakumpa muda mrefu. Johnson akamjengea nyumba Le Canadel, kusini mwa Ufaransa, apate joto wakati wa baridi. Ndoa yake nayo ilivunjika, na tangu hapo aliyemtunza ni muuguzi, Ethel Aubin. Kiwanda kilikuwa kimehamia Derby mwaka 1908, lakini kwa zaidi ya miaka 20 iliyobaki Royce alikiendesha kwa michoro na barua kutoka mbali, huku wachoraji wakiishi jirani naye. Wapo wanaosema Johnson alipenda iwe hivyo, maana Royce akiingia kiwandani alikuwa anasimamisha kazi ili kitu kirekebishwe kwanza. Naamini hivyo pia. Kampuni ilimhitaji sana, ila ilimhitaji kwa umbali.

Katika hali hiyo, mgonjwa wa kudumu, alitoa kazi zake kubwa zaidi. Injini ya ndege ya Eagle, ya silinda 12, ndiyo iliyowavusha Alcock na Brown juu ya bahari ya Atlantiki mwaka 1919 bila kutua. Mwaka 1925 ikaja Phantom kuchukua nafasi ya Silver Ghost. Akiwa West Wittering, kijiji cha pwani ya kusini ya Uingereza alikohamia mwaka 1917, alisimamia injini ya R iliyotoa zaidi ya nguvu farasi 2,000. Mwaka 1931 ndege ya Supermarine yenye injini hiyo ilivuka kilomita 650 kwa saa, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Alikuwa ameshapewa cheo cha baroneti mwaka 1930. Yeye aliendelea kujiita fundi.

Alifariki West Wittering tarehe 22 Aprili 1933, akiwa na miaka 70. Kuna hadithi kwamba herufi mbili za R kwenye nembo ya gari zilibadilishwa kutoka nyekundu kuwa nyeusi kumwombolezea. Ni hadithi tamu lakini si kweli, mabadiliko yaliamuliwa akiwa hai, kwa sababu nyekundu ilikuwa inagombana na rangi walizochagua wateja. Injini ya Merlin, aliyoianzisha katika miaka yake ya mwisho, iliwaka kwa mara ya kwanza Oktoba mwaka huohuo, na miaka saba baadaye ilikuwa ndani ya ndege za Spitfire na Hurricane zilizoilinda Uingereza. Majivu yake yaliwekwa kwanza kiwandani Derby, na mwaka 1937 yakarudishwa kanisani Alwalton, kijiji kilekile cha kinu.

Inasimuliwa kwamba siku moja kabla ya kufa, akiwa kitandani, alichora nyuma ya bahasha shokamzoba inayoweza kurekebishwa gari likiwa linatembea. Akampa Ethel aiposti kwa vijana wa Derby. Ilipofika, mchoraji alishakuwa marehemu, na wao wakaanza kuitengeneza.