Thomas Rivers na Utando wa Neva

Tumekwisha kujifunza kwamba ubongo hupeleka habari mwilini kwa njia ya neva. Nyingi za neva hizo zimevikwa utando mweupe wenye mafuta uitwao mayelini, kama waya wa umeme uliovikwa mpira. Utando huo ukiharibika, habari huchelewa au hupotea njiani. Miguu huwa mizito, na pengine macho hupungua nuru.

Thomas Rivers alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Georgia, Marekani. Alipokuwa akisomea udaktari mjini Baltimore, misuli yake ilianza kudhoofika, naye akaambiwa kwamba ugonjwa wake hauponi. Akaacha masomo, akaenda Panama kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Siku zikapita, ugonjwa haukuzidi. Mwaka 1912 akarudi chuoni, na mwaka 1915 akahitimu. Tangu mwaka 1922 alichunguza virusi katika Taasisi ya Rockefeller, mjini New York.

Wakati huo kulikuwa na jambo lililowatatanisha madaktari. Watu walioumwa na mbwa mwenye kichaa walidungwa chanjo iliyoanzishwa na Louis Pasteur mwaka 1885, ambayo ilitengenezwa kwa ugwe wa mgongo wa sungura. Chanjo iliwaokoa wengi, lakini wachache walipooza baada ya kudungwa. Je, walipoozeshwa na virusi vya kichaa cha mbwa, au na chembe za neva za sungura? Swali halikuwa dogo. Chanjo isingeweza kuachwa, kwani kichaa cha mbwa kikishapanda huua.

Rivers na wenzake walichukua tumbili 8, wakawadunga misulini, mara nyingi, maji yaliyochanganywa na ubongo wa sungura wasio na ugonjwa. Mwaka 1933 walitangaza kwamba tumbili 2 waliugua. Ubongo wao ulipotazamwa kwa hadubini, mayelini ilionekana imeharibika mahali mahali. Lakini 2 kati ya 8 ni hesabu ndogo, na Rivers hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Alirudia jaribio pamoja na Francis Schwentker kwa sindano nyingi zaidi. Mwaka 1935 walitoa habari kwamba 7 kati ya 8 waliugua, ingawa sindano zile hazikuwa na kichaa cha mbwa hata kidogo.

Baadaye ilifahamika kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ndiyo iliyoigeukia mayelini. Jambo kama hilo hutokea katika ugonjwa wa binadamu uitwao maltipo sklerosisi. Kwa hiyo wataalamu wamewatumia panya kuuchunguza kwa njia iliyotokana na jaribio la Rivers. Hata hivyo panya si mtu. Dawa kadhaa zilizowaponya panya hazikuwafaa wagonjwa.

Rivers alifariki mwaka 1962. Chanjo za kisasa za kichaa cha mbwa hutengenezwa kwa seli zilizokuzwa maabarani, wala hazina chembe za ubongo.