Cecilia Payne, aliyetuambia nyota zimeumbwa na nini

Ukitoka nje usiku usio na mwezi utaona nyota si za rangi moja. Zipo nyeupe, zipo nyekundu kama kaa la moto. Ni kama chuma cha mhunzi: kikianza kushika moto ni chekundu, kikizidi huwa cheupe. Nyota nyekundu, hata zile kubwa kuliko Jua, zina joto dogo usoni kuliko nyeupe. Lakini zimeumbwa na nini? Aliyelijibu swali hilo ni Cecilia Payne.

Alizaliwa Wendover, Uingereza, mwaka 1900. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Alisoma Cambridge, ila chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada hadi 1948. Mwaka 1923 akavuka bahari kwenda Marekani, kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard.

Huko alikuta picha nyingi za mwanga wa nyota uliotawanywa kama upinde wa mvua. Ndani ya mwanga huo huonekana mistari myeusi, na kila elementi ina mistari yake. Kwa kuwa mistari ya chuma ilikuwa mingi, wataalamu waliamini nyota zina mchanganyiko uleule wa dunia yetu. Payne alitumia hesabu za Meghnad Saha, mwanasayansi wa India, zinazoonyesha kuwa joto huamua mistari ipi ionekane. Mstari ukififia, haina maana kitu chenyewe ni kichache. Alipopiga hesabu upya akakuta haidrojeni inazidi metali karibu mara milioni moja.

Kabla tasnifu yake haijatoka mwaka 1925, ilisomwa na Henry Norris Russell, mkubwa wa fani hiyo Marekani. Alisema haiwezekani. Payne alikuwa na miaka 24, na riziki yake ilitegemea wakubwa hao. Basi akaandika kwamba matokeo yake mwenyewe karibu hakika si ya kweli. Hapo ndipo panapotuuma.

Mwaka 1929 Russell, kwa njia nyingine, alifika palepale. Tumpe haki yake: alimtaja Payne. Hata hivyo, kwa miaka mingi sifa zilimwendea yeye.

Payne aliendelea kufundisha Harvard akilipwa kama msaidizi, na masomo yake hayakuorodheshwa kwenye kitabu cha chuo hadi 1945. Aliolewa na Sergei Gaposchkin, mwanafalaki mwenzake kutoka Urusi, wakapata watoto watatu. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1956, na mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuongoza idara Harvard.

Alifariki mwaka 1979. Katika kitabu cha maisha yake hakumtupia Russell lawama. Alijilaumu mwenyewe, kwamba alikubali neno la mkubwa ilhali aliamini yuko sahihi.