Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, Baba wa Wagonjwa

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Westphalia, Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri wa serikali ya Prussia, lakini kijana alichagua kilimo, kisha theolojia. Tangu mwaka 1858 alitumika mjini Paris miongoni mwa vibarua Wajerumani, na mwaka 1864 akahamia usharika wa Dellwig.

Huko ndiko msiba ulikomkuta. Mwezi Januari 1869, kwa muda wa wiki mbili, yeye na mkewe Ida walifiwa na watoto wao wote wanne. Tangu hapo aliyajua machozi ya wengine kwa machozi yake mwenyewe.

Mwaka 1872 alikabidhiwa kituo cha wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld, kilichokuja kuitwa Betheli. Tiba ya siku zile ilikuwa haba, na wagonjwa wengi walifichwa au kutengwa. Bodelschwingh hakuahidi uponyaji asioweza kuutoa, aliwarudishia ujamaa. Waliishi katika nyumba zenye baba na mama wa nyumba. Wenye nguvu walipewa kazi ya mikono. Waliodhoofika waliuguzwa na mashemasi wa kike wa Sarepta, ili mtu asife akiwa mgeni.

Mwaka 1890 alijiunga na uongozi wa misioni ya Afrika Mashariki. Wajumbe wake walifika Usambara mwaka 1891, Rwanda mwaka 1907, na Bukoba mwaka 1910. Mwaka huohuo, tarehe 2 Aprili, Bodelschwingh alilala katika Bwana.

Urithi wake ulipimwa upya magharibi ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na hofu ikafunga milango kama ilivyofungwa zamani kwa wenye kifafa. Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na wengine wao walifia ugenini, mbali na jamaa. Lakini wazee wa Ngara na Biharamulo walikuwa na desturi iliyotangulia misioni: mgonjwa huchukuliwa kwa machela, majirani wakipokezana mabegani. Penye desturi hiyo, neno la Betheli halikuwa geni. Aliyekata tamaa ya kupona alibaki na haki ya kuitwa kwa jina lake, kuketiwa kando, na kushikwa mkono mpaka mwisho.