Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefichua saratani ya taya za watoto

MNAMO 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji aliitwa na mwenzake wa wadi ya watoto, Hugh Trowell, amtazame mvulana wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umeumuka pande zote, taya la juu na la chini, kushoto na kulia, na meno yake yalikuwa yamelegea kana kwamba yamechomekwa kwenye matope.

Daktari huyo, Denis Burkitt, hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Jipu la jino hushika upande mmoja, na saratani alizozijua zilianzia mahali pamoja. Hakuwa na jina la ugonjwa huo, na kisu chake hakikuwa na la kumfaa mtoto yule. Alimpiga picha, akaandika alichokiona.

Wiki chache baadaye alizuru hospitali ya Jinja. Alipotupa macho nje ya dirisha alimwona mtoto ameketi na mamaye, uso umevimba vilevile. Mara moja yaweza kuwa ajabu ya maumbile, lakini mara mbili si bure. Burkitt alitoka akawaendea, na alipompima mtoto alikuta kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe.

Alirejea Kampala na kuanza kupekua majalada ya hospitali. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au ovari. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakiyaandika hayo kama magonjwa mbalimbali, kila kiungo na jina lake. Hata kumbukumbu za Albert Cook, mmishenari aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, zilikuwa na michoro ya watoto wa aina hiyo. Ugonjwa ulikuwa umeonekana kwa zaidi ya nusu karne bila kutambuliwa.

Ni vyema kueleza aliyeutambua alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa hakuwa mtafiti. Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, katika sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Babake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti ambaye wakati wa mapumziko aliwavisha ndege wadogo pete miguuni ili ajue kila mmoja anamiliki sehemu gani ya bustani, kisha akaichora ramani yake. Sidhani kwamba ilikuwa sadfa mwanawe alipokuja kuchora ramani ya ugonjwa.

Akiwa na miaka 11, Denis alipoteza jicho la kulia kwa jiwe lililorushwa na wavulana wenzake. Mnamo 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, lakini alipoingia katika kundi la wanafunzi Wakristo alihisi ameitwa kuwa tabibu. Alihitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni wa Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomleta huku kwetu, akiwa daktari wa jeshi la Uingereza nchini Kenya na Somalia. Mwaka 1946 hatimaye alikubaliwa Uganda, akapelekwa Lira.

Huko Lira alipasua wanaume wengi wenye busha. Alipouliza walikotoka, alibaini kwamba wengi wao walitoka upande mmoja wa wilaya, ilhali upande wa pili ugonjwa huo ulikuwa nadra. Swali hilo la mahali hakuliacha tena maishani.

Makala yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya ilichapishwa Uingereza mwaka 1958 na haikumshtua mtu. Basi alituma barua na vikaratasi vyenye picha za watoto kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, akiuliza kama wamewahi kuona hali hiyo. Kila jibu lilipowadia, alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zilifanya mshipi mpana uliokatiza Afrika ya kati, wenye mkia ulioshuka mwambao wa Msumbiji.

Kilichobaki kilikuwa kuutafuta ukingo wa mshipi huo. Oktoba 1961, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali zaidi ya 50. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza: kufika, kuonyesha picha, kuuliza, kuandika, kuendelea.

Waliporejea walijua kwamba saratani hiyo haikupatikana nyanda za juu zenye baridi wala mahali pakavu. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ndiye aliyetambua kwamba jambo halikuwa mwinuko wenyewe bali joto na mvua. Penye joto na mvua pana mbu, na Burkitt akashuku virusi vinavyoenezwa na mbu.

Hapo alipata nusu na kukosa nusu. Mbu alihusika kwa kuleta malaria, ambayo humshambulia mtoto mara kwa mara na kuivuruga kinga yake. Hata Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, saratani hiyo ilikuwa nadra ingawa hali ya hewa yake ni ya joto na unyevu. Virusi navyo vilikuwepo, ila huenezwa kwa mate.

Vilipatikana kwa sababu ya mhadhara. Machi 1961 Burkitt alizungumza katika hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwa kijana mtafiti, Anthony Epstein. Wakaafikiana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na mzigo ulipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini akaona chembe hai za saratani zikielea. Aliweza kuzikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa mzazi, hata hivyo, habari kubwa zaidi ilikuwa ya tiba. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji ulimharibu mtoto uso bila kumponya. Burkitt alijaribu dawa mpya za saratani kutoka ng'ambo, na jijini Nairobi daktari Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo. Uvimbe uliokuwa umelisukuma jicho nje uliyeyuka katika muda wa siku chache. Watoto wengine walipata dozi moja au mbili tu kabla ya kurudishwa nyumbani, na miaka baadaye wakapatikana wakiwa wazima. Wakati huo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa pekee.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo chini ya Mmarekani John Ziegler, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watumishi wake walifunga safari hadi vijijini kuwatafuta watoto waliokosa kurudi, maana walielewa kwamba mama aliyeacha wengine nyumbani na asiye na nauli hawezi kulaumiwa kwa kutoonekana. Wageni walipoondoka enzi za Idi Amin, daktari Mganda Charles Olweny alikiendesha.

Burkitt mwenyewe alipata umaarufu wa pili Uingereza kwa kuhubiri vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha mlo wa vijijini Uganda na mkate mweupe wa kwao. Wapo wanaomjua kwa hilo tu. Mnamo 1972 alipewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akiacha mjane, Olive, aliyemwoa mwaka 1943, na mabinti watatu.

Ugonjwa ulipewa jina lake, nao ungali nasi. Nchini Kenya huwapata zaidi watoto wa magharibi, kando ya Ziwa Victoria, na wa Pwani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliuweka miongoni mwa saratani sita za watoto zinazopewa kipaumbele. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30.

Dalili ya kwanza bado ni ile ya mvulana wa Mulago, meno kulegea na shavu kuvimba, na wazazi wengi bado humpeleka mtoto kwanza kwa mng'oa meno, kisha hurudi nyumbani kungoja kidonda kipone. Uvimbe huo ni miongoni mwa unaokua kwa kasi zaidi mwilini mwa binadamu. Waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.