Gyokuen Bonpō: Mtawa na Okidi Zake

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ushairi na uchoraji wa Uchina wa kale, hekima inayokaribiana na hiyo ilibebwa na okidi: ua dogo limealo mabondeni, mbali na macho ya watu, likanukia pasipo kungoja wa kulisifu. Wasomi walilifanya ishara ya muungwana ambaye mtawala wake hakumthamini. Watawa wa Zen, madhehebu ya dini ya Kibudha, waliupokea utamaduni huo na kuupeleka Japani. Miongoni mwa waliosifika huko kwa kuichora okidi ni Gyokuen Bonpō.

Bonpō alizaliwa mnamo mwaka 1348, akawa mwanafunzi wa mtawa mashuhuri Shun'oku Myōha. Alikuwa mshairi na mchoraji pia. Alitumia wino mweusi mtupu: jani refu la okidi kwa mkokoto mmoja wa brashi, ukinenepa na kukonda kadiri mkono ulivyokandamiza, kando yake jabali, mianzi na miiba. Kazi hiyo haikuwa na masahihisho, kwani wino ukishazama katika karatasi haufutiki.

Hapa ndipo penye kinaya. Mchoraji wa ua la upweke hakuishi upwekeni. Mahekalu makuu ya Zen jijini Kyoto yalifungamana na serikali, na wakuu wake waliteuliwa kwa idhini ya shoguni, yaani mtawala wa kijeshi. Bonpō aliliongoza hekalu la Kenninji, kisha mwaka 1413 akapewa Nanzenji, lililokuwa limewekwa juu ya mengine yote tangu 1386. Shoguni Ashikaga Yoshimochi alimkirimu na kumweka karibu naye.

Lakini fadhila za wakuu hazina mizizi. Mnamo mwaka 1420 Bonpō alimuudhi shoguni, akauacha mji mkuu akiwa na umri upatao miaka 72. Ishara aliyoichora kwa miaka mingi ikawa sasa ndiyo hali yake mwenyewe.

Tusiharakishe kumwita mnafiki kwa kulisifu bonde ilhali alikaa ikuluni. Huenda aliye karibu na kiti cha enzi ndiye anayelihitaji zaidi bonde hilo, walau katika karatasi. Cheo chake kilipita pamoja na aliyempa. Okidi zake zingalipo, nyingine zikihifadhiwa katika Metropolitan Museum of Art, New York, nazo hazijakauka.