Tuzo mkononi, meza ya kando

Ukiona staa mweusi akibeba Oscar, mkumbuke Hattie McDaniel, binti wa waliokuwa watumwa. Mwaka 1940 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuishinda, kwa kuigiza yaya mtumwa katika Gone with the Wind. Usiku huo aliketishwa kando, mbali na waigizaji wenzake. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, hata hakuenda. Sheria za ubaguzi zilimfungia nje.

Weusi wenzake nao walimsema, eti kila siku ni kuigiza kijakazi tu. Lakini kabla ya filamu alikuwa hausigeli wa kweli, na mshahara haukulingana kamwe. Wewe ungekataa? Mimi, kusema ukweli, ningechukua hizo pesa.

Alifariki 1952. Makaburi ya Hollywood alikotaka kuzikwa yakamkataa.