Joy Adamson: Kabla ya simba, kulikuwa na maua na nyuso za shosho zetu

Ukitaja jina la Joy Adamson hapa Mwea, ama Embu, ama hata kule Meru ambako kaburi la simba wake liko, jibu ni moja tu: Elsa. Simba jike aliyelelewa nyumbani kama mtoto, kitabu kikasomwa dunia nzima, sinema ikafuata, basi. Watu wengi hadithi yao inaishia hapo. Lakini karibu miaka 18 kabla ya Elsa kuzaliwa, huyu mama tayari alikuwa ameshika brashi, na mimi naona kazi ya hiyo brashi ndiyo ingepaswa kutangulia kila anapotajwa. Alichora zaidi ya picha 500 za watu wa Kenya: wazee, wanawali, mashujaa, waganga. Wakikuyu, Waembu, Wameru, Watharaka wamo humo ndani.

Hebu tuanze mbali kidogo.

Alizaliwa 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo chini ya milki ya Austria-Hungary. Siku hizi mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech. Jina lake halisi lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Kwao walikuwa na pesa, nyumba kubwa, msitu wa kuwinda. Shida ilikuwa kwamba baba alitamani mvulana, na yeye ni msichana wa pili kati ya wasichana watatu. Wazazi wakaachana akiwa bado mdogo, akaenda kulelewa na nyanya yake. Ukitaka kumwelewa Joy, shikilia hapo: mtoto aliyejua mapema kwamba nyumba inaweza kuvunjika, na kwamba mtu anaweza kuwa mbele ya macho ya wengine bila kuonekana.

Akiwa Vienna alijaribu kila kitu. Piano alisoma mpaka akahitimu, lakini mikono yake ilikuwa midogo mno kwa mpiga piano wa majukwaa makubwa. Akaingia uchongaji. Akasoma ushonaji, kujalidi vitabu, kupiga picha. Akataka kuwa daktari, akajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, halafu mtihani wenyewe hakuufanya. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa yule msee ambaye shangazi zake wakikutana kwenye harusi wanaulizana, sasa huyu anafanya nini siku hizi? Wengi wetu tunaijua hiyo hali bila kuelezwa.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi. Hitler alikuwa anajipanga kumeza Austria, na Viktor aliona mambo yanakoelekea. Mwaka 1937 akamtuma mkewe Kenya aangalie kama wanaweza kuhamia huku. Wazo zuri, lakini halikwenda alivyopanga. Kwenye meli Joy alikutana na Peter Bally, Mswizi mtaalamu wa mimea. Mwaka uliofuata alikuwa ameachana na Viktor na kuolewa na Bally. Ni Bally aliyembandika hilo jina la Joy, yaani furaha. Jina likashika, ingawa furaha yenyewe ilimpiga chenga mara nyingi.

Bally kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akikusanya mimea. Kwa mtaalamu kama huyo ua likikauka linapoteza rangi, na kamera za siku hizo hazikuweza kushika rangi vizuri. Kwa hiyo alihitaji mtu wa kuchora ua lingali bichi, pale pale porini. Joy akajaribu. Hapo ndipo yule msichana wa kuanza mambo bila kuyamaliza alipopata kitu cha kumtuliza. Kuchora ua kwa ajili ya sayansi si mchezo: lazima uhesabu petali, uangalie mishipa ya jani, upate kijani kile kile na si kijani cha jirani yake. Na una saa chache tu kabla halijanyauka. Unakaa chini, unanyamaza, unaangalia.

Ndoa ikaanza kuyumba. Mimba zilikuwa zimemtoka tangu kwa mume wa kwanza, na maisha yake yote hakupata mtoto. Kipindi hicho ndicho aliendelea kuchora mimea kwa bidii ya ajabu, mamia kwa mamia ya picha, mpaka maua ya juu kabisa Mlima Kenya, kule kwenye lobelia ndefu kama watu waliosimama kwenye ukungu. Sisi wa Mwea mlima huo tunauona asubuhi kabla ya mawingu kuufunika, ukiwa nyuma ya mashamba ya mpunga, na tunadhani ni mawe na barafu tu. Kumbe kuna mtu alikaa kwenye ile baridi na vidole vinavyouma akihesabu petali. Mimi simwamini mtu anayesema huo ni upendo wa sayansi pekee. Mwanamke ambaye nyumba inamwanguka kwa mara ya tatu, ukihesabu ile ya wazazi wake, anapanda mlima kukaa na kitu ambacho hakiondoki. Mwaka 1947 picha zake za maua zilimpa nishani ya dhahabu ya chama cha kifalme cha kilimo cha bustani huko Uingereza. Zawadi kubwa kwa mtu aliyeanza kuchora kwa kumsaidia mume.

Wakati huo mume alikuwa tayari ni mwingine. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, askari wa wanyamapori wa wilaya za kaskazini, kituo chake Isiolo. Ndoa ya tatu, na nyumba sasa ilikuwa chini ya mlima upande wa pili. George alikuwa mtu wa safari ndefu, za ngamia na lori. Joy akafuatana naye. Huko njiani macho yake yakahama kutoka kwenye maua yakaenda kwa watu.

Alianza kuchora watu kwa hiari yake tu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikampa kazi rasmi: azunguke nchi nzima achore makabila katika mavazi yao ya jadi kabla hayajapotea. Akazunguka miaka kadhaa. Hema, lori, sanduku la rangi. Anafika mahali, anatafuta mzee ambaye bado ana vazi kamili, na wakati mwingine vazi hilo limeshafichwa juu ya dari kwa sababu mwana amebatizwa na anaona aibu. Watu walikuwa wameanza kuvaa kaptula za khaki na magauni ya misheni. Pete za masikioni zilikuwa zinavuliwa.

Na kumbuka, kukaa mbele ya mchoraji si selfi. Ni kukaa saa nyingi bila kucheza, jua linakupiga, mzungu usiyeelewana naye lugha anakutazama usoni, anatazama shanga zako moja moja, anarudi usoni tena. Ukiziangalia hizo picha utaona. Kuna wazee wamechoka kabisa, macho yameenda mbali. Kuna wasichana wana ile sura ya kuzuia kicheko. Hizo si sura za kubuni. Joy hakuchora kama wasanii wa kitalii wanaompa kila Mwafrika tabasamu moja na mkuki mmoja. Mkufu aliuchora kama alivyochora ua, shanga kwa shanga, kwa hiyo leo fundi wa shanga akitaka kujua shosho wa Tharaka alivaa nini na kwa mpangilio gani, anaweza kuanzia hapo.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, hasa nikiandika nikiwa huku. Oktoba 1952 serikali hiyo hiyo iliyompa Joy kazi ilitangaza hali ya hatari. Vijana wa Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa wakatiwa kambini. Mifereji inayoleta maji kwenye huu mpunga wetu, ile tunayoogelea tukiwa watoto, ilianza kuchimbwa kwa mikono ya mahabusu wa Mau Mau. Kambi za Mwea zilikuwa na sifa mbaya sana, na mwaka 1957 kipigo cha humo kilikuwa mpango kamili wa kuwavunja watu wakiri. Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali ulikuwa unalipa pesa ili mzee achorwe akiwa na ngozi yake na fimbo yake, apendeze ukutani, na mkono mwingine ulikuwa unamfunga mwanawe. Utamaduni uliruhusiwa kuwa picha. Ardhi, hapana.

Joy alilijua hilo kwa kiasi gani? Yeye alikuwa mzungu wa enzi yake, mke wa mtumishi wa serikali, na hakuwa mwanasiasa. Wengi wa waliokaa mbele yake wameandikwa kwa kabila na cheo tu: mzee wa hapa, msichana wa pale, mganga wa kule. Simba wake tunamjua kwa jina. Hilo linaniuma kila nikilifikiria. Lakini pia bila yeye tusingekuwa hata na uso. Picha za polisi na za kipande ndizo zingebaki, na hizo kila mtu anaonekana mhalifu.

Halafu akaja Elsa. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyewarukia, kumbe alikuwa na watoto watatu. Wawili wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, mdogo kabisa akabaki. Joy alimlea kwa chupa, akamchora, baadaye wakamfundisha kuwinda na kumwachia huru Meru. Kitabu kikatoka 1960, na Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa wa kupe. Pesa nyingi za vitabu Joy alizirudisha kwenye hifadhi za wanyama. Umaarufu huo ukafunika kila kitu. Kitabu chake cha picha za watu, The Peoples of Kenya, kilitoka 1967, mwaka mmoja baada ya sinema ya Elsa, na dunia ilikuwa bado inaulizia simba.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ajali ya gari iliuharibu vibaya mkono wake wa kulia. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, lakini piano na brashi havikurudi kama zamani. Ni mkono ule ule mdogo uliokataliwa na majukwaa ya Vienna, na sasa hata ule uwezo uliobaki ukapungua. Aliendelea na duma wake Pippa huko Meru, kisha chui wake Penny huko Shaba. Yeye na George walikuwa wanaishi mbalimbali, bila kuachana. Na tusimpake mafuta: alikuwa mkali, mgomvi, na waliomfanyia kazi walipata tabu naye.

Tarehe 3 Januari 1980 alipatikana amekufa karibu na kambi yake Shaba, nje kidogo ya Isiolo, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Kwanza ikasemekana ni simba. Uchunguzi ukaonyesha alichomwa kwa kitu chenye ncha, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa kwa mauaji hayo. Majivu yake yalipelekwa Meru kwenye makaburi ya wanyama wake. George naye aliuawa na majambazi Kora mwaka 1989.

Picha zenyewe zipo. Baadhi ziko Ikulu, ambako mimi na wewe hatuingii ovyo. Nyingine ziko Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, na kutoka Ngurubani ni matatu moja mpaka mjini, halafu nyingine fupi. Jamaa wanaochora mabango ya kinyozi na tuktuk hapa stendi, nawaambia waende waangalie tu jinsi alivyochora ngozi nyeusi ikipigwa na jua la saa sita, kwa sababu hapo wengi wetu tunakwama na kuishia kuweka kahawia moja kila mahali. Na kama shosho wako ni wa Embu au Tharaka na bado ana nguvu za safari, nenda naye. Wasichana waliochorwa mwaka 1950 wakiwa na miaka 15 ni wa rika lake, na wengi wao ukutani bado hawana majina.